Muulize Mama Dokta: Gadi isiyo na saa ya kutoka

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka hospitalini, na nyingi zimeandikwa usiku. Naona kwenye mwandiko: mistari ya kwanza imenyooka, ukifika wa sita inaanza kuteremka kuelekea pembe ya karatasi. Nimechagua nne. Ya kwanza ni ya kijana anayesomea udaktari, ya pili ya mama mzazi, ya tatu ya bwana mwenye hasira, na ya mwisho ya mkubwa wa kazi mwenye hasira zaidi, tena ananikasirikia mimi.

Kwa wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam: kwetu Lubumbashi mganga ndiye daktari wa hospitali, msije mkadhani tunaongea habari za hirizi. Stajeri ni mwanafunzi wa udaktari aliyefika mwaka wa kufanya kazi hospitalini kabla ya kula kiapo. Gadi ni zamu ya kubaki wakati wenzako wamekwenda nyumbani.

*

Jambo Mama Dokta. Mimi ni stajeri wa mwaka wa mwisho. Kila siku ya tatu niko gadi. Naingia saa moja na nusu asubuhi, nafanya kazi ya mchana kama wengine, naendelea usiku, halafu kesho yake nafanya tena mchana mzima mpaka saa kumi na moja jioni. Juma lililopita tulikuwa bloki, chumba cha upasuaji, tunampasua mama mjamzito, mimi nimeshika kile chuma cha kuvuta mdomo wa kidonda. Nikalala nimesimama. Nilizinduka mganga mkubwa akinigonga vidole kwa koleo. Baadaye akaniambia mbele ya wauguzi: "Sisi tulifanya gadi ya siku tatu bila kulia, ninyi ni watoto wa biskuti." Mama, kuna sheria inayosema kazi yetu inaisha saa ngapi? Ama mimi ndiye mzembe?
Stajeri, Kamalondo

Jambo, mwanangu. Ulikula? Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa stajeri yeyote, na hapo chini utaona nililitoa wapi.

Hesabu yako nimeifanya nyuma ya bahasha. Kutoka saa moja na nusu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ya kesho yake ni saa 33 na nusu. Ukiongeza ile siku moja ya kawaida inayofuata, kila siku tatu unafanya saa 43. Ukihesabu na Jumapili, juma lako lina karibu saa 100.

Sheria uliyoniuliza ni fupi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Inapendeza kuisoma. Lakini inamhusu mwenye mkataba wa kazi. Mganga wa serikali ana sheria yake nyingine, ile ya watumishi wa serikali. Na wewe huna mkataba wala matrikuli, ile namba ya mtumishi wa serikali. Kwa hospitali wewe si mfanyakazi, kwa chuo wewe ni alama itakayoandikwa mwisho wa mwaka, kwa mgonjwa wewe ndiye dokta. Katika pengo hilo ndimo ulimolala umesimama.

Sasa habari ya uzembe. Mwaka 1994 nilikuwa mahali ulipo wewe. Pesa ilikuwa bado Zaire, na bei ya mkate ya asubuhi haikuwa ile ya jioni. Usiku mmoja, saa mbili, walileta mtoto wa kilo 12 kutoka Katuba, malaria imepanda kichwani, degedege halikatiki. Siku hizo tulitumia kwinini ya mshipani. Kipimo cha kwanza cha kwinini ni kikubwa, miligramu 20 kwa kila kilo, ili dawa iwahi kushika. Vinavyofuata, kila baada ya saa nane, ni nusu yake. Kwa mtoto yule ni 240 mara moja tu, halafu 120. Niliandika 240, tukachanganya kwenye chupa ya glukozi, ikadondoka taratibu kwa saa nne, degedege likakatika. Nilijiona bingwa.

Saa kumi alfajiri ukafika wakati wa kipimo cha pili. Nilikuwa macho tangu saa kumi na moja ya asubuhi iliyotangulia. Nilichukua karatasi ya mtoto, nikaandika 240, nikatia sahihi, nikapiga na mstari chini yake kama mtu mwenye uhakika wote. Muuguzi wa usiku alikuwa papa mmoja, yaani baba wa makamo, mtu wa maneno machache. Alikuja na karatasi mkononi akasimama kando yangu. Hakuniambia nimekosea. Aliuliza, "Dokta, huyu mutoto anaanza dawa sasa, ama alianza jana?" Nilimtazama bila kumwelewa. Akaweka kidole juu ya namba, akanyamaza. Ndipo nikaona.

Kwinini ikizidi inashusha sukari ya damu, inavuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuondoka na macho au masikio ya mtoto. Nilikata 240 nikaandika 120, nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe nikishikilia mkono mmoja kwa mwingine ili usitetemeke. Papa alinifuata na kikombe cha chai na mikate miwili ya mafuta. "Ulikula?" Tangu asubuhi ya jana sikuwa nimetia kitu mdomoni. Hakumsimulia mtu. Mtoto aliondoka siku ya tano akitembea kwa miguu yake, na mama yake alinishukuru mimi, papa hakumtazama hata mara moja.

Kugawa 240 kwa mbili angeweza mtoto wa darasa la tatu. Mimi nilishindwa, na nilikuwa wa pili katika darasa letu. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwalinganisha watu walionyimwa usingizi na watu walionyweshwa pombe. Aliyekaa bila kulala saa 17, macho na mikono yake vilifanya kazi kama vya mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Aliyefika saa 24, kama mwenye asilimia 0.10. Kuna nchi nyingi zinazomkamata dereva akifika hiyo 0.05. Mwazie mganga mkubwa wako akiingia bloki ananuka bia ya Simba: wauguzi wenyewe wangemtoa mbio. Wewe uliingia katika hali ileile, ila usingizi hauna harufu.

Siku tatu zake namwamini, hata mimi nilizifanya. Lakini desturi hiyo ina mwanzo wake. Kule Marekani aliyeiweka ni William Halsted, mpasuaji wa Johns Hopkins kuanzia mwaka 1889. Alitaka vijana wake waishi hospitalini usiku na mchana, na ndiyo maana mpaka leo mganga anayejifunza kule anaitwa mkazi. Halsted alikuwa fundi wa kisu kwelikweli. Alikuwa pia mtumwa wa kokaini, baadaye wa mofini. Siongezi neno.

Na Marekani hiyohiyo ndiko walikoanza kuhesabu saa, kwa sababu ya msichana mmoja. Libby Zion, miaka 18, aliingia hospitali ya New York usiku wa Machi 1984 akiwa na homa, mwili unarukaruka. Waliompokea walikuwa waganga wawili wanaojifunza, wa mwaka wa kwanza na wa pili, wamechoka, na wagonjwa wengine tele mikononi. Alipewa dawa ya kumtuliza ambayo haipatani na ile aliyokuwa akimeza nyumbani, akafungwa kitandani asijiumize, na mganga wa mwaka wa kwanza akakimbilia kwa wengine. Asubuhi alikuwa amekufa. Waganga wanabishana mpaka leo nini hasa kilimuua. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti, na baba wa aina hiyo hakubali kunyamazishwa. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo: saa 80 kwa juma, saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kile cha saa 80 kikaenea nchi nzima. Usishangilie, 80 bado ni karibu mara mbili ya 45. Ulaya ndiko walikofika mbali zaidi: wastani wa saa 48 kwa juma, na mwaka 2003, katika kesi ya mganga mmoja wa Ujerumani, mahakama yao ikasema kwamba usiku wa gadi ndani ya hospitali ni kazi, hata dakika ulizolala. Kwa hiyo akikwambia mtu "lakini jana ulilala kwa saa mbili", una jibu.

Tuyaache ya mbali. Umewahi kuitazama vizuri karatasi ya gadi iliyobandikwa mlangoni? Ya kwetu ilikuwa na safu nne: tarehe, jina, huduma (yaani idara), saa ya kuingia. Nimeziona nyingi tangu hapo, siku hizi zinatoka kwenye kompyuta, zina muhuri, na safu ni zilezile nne. Saa ya kutoka hakuna aliyewahi kuiandika. Ndiyo maana anayeondoka saa tisa anaonekana ametoroka, na anayebaki mpaka giza linaingia anaonekana ana moyo. Usiku wenyewe siulalamikii, mgonjwa hachagui saa ya kuumwa. Ninachokipinga ni usiku ambao mwisho wake haukuandikwa popote, hata mwenye kuupanga hajui.

Jumatatu nenda ofisi ya chuo inayoshughulika na stajeri, uombe kusoma makubaliano kati ya chuo na hospitali. Yakiwa hayataji saa, mwakilishi wenu aulize kwa maandishi, kwa jina la darasa zima. Usiandike peke yako, alama zako bado ziko mikononi mwao. Kuanzia leo andika kwenye daftari saa uliyoingia na saa uliyotoka, basi, bila malalamiko pembeni. Miezi miwili ya namba tupu itasema yenyewe. Baada ya saa nane za usiku, kipimo chochote cha dawa ya mtoto kisome kwa sauti mbele ya muuguzi, uzito kwanza halafu hesabu. Ukipata dakika ishirini za kulala, zichukue, usizitumie kwenye simu. Na asubuhi ya kutoka gadi usiendeshe pikipiki. Panda ya mtu, ukae nyuma, ushike chuma kwa mikono miwili. Niliwahi kumzika mwenzangu mmoja aliyeona njia ya kwenda Ruashi ni fupi.

*

Mama Dokta, mimi ni mama mwenzako. Niliuza kapenta, wale dagaa, soko la Kenya hapa mjini miaka yote mwanangu asome uganga. Sasa ni mganga kamili, yuko hospitali ya serikali mwaka wa pili, na hajapokea mshahara hata siku moja. Wanamgawia primu tu, ile posho ya hospitali. Mwezi mwingine inatosha taksibasi, mwezi mwingine haitoshi. Jirani yangu, mtoto wake anaendesha lori la mgodi, amekwisha jenga. Mwanangu anarudi usiku wa manane, analala na viatu. Nimwambie aache?
Mama wa Katuba

Mama mwenzangu, pole sana, na hongera kwa kapenta.

Huenda mwanao hakukueleza vizuri, kwa sababu inamtia haya. Kijana anapata barua ya kazi, anaanza siku hiyohiyo, na jina lake linapanda kwenda Kinshasa. Anasubiri matrikuli. Akishapata matrikuli anasubiri jina liingie kwenye orodha ya wanaolipwa, na kati ya orodha ya kwanza na ya pili mtu anaweza kuoa na kuzaa. Wakati huo wote anakula primu, na primu inatoka kwenye pesa wanazolipa wagonjwa. Mwezi ambao watu hawana pesa, mganga naye hana. Umeona pale hospitalini wale mama waliokwisha jifungua, wamepona, lakini hawaruhusiwi kutoka kwa sababu ya deni? Mshahara wa mwanao uko kwa hao.

Lakini swali lako lenye uzito liko mwishoni, kwenye viatu. Anarudi usiku wa manane akitoka wapi? Muulize polepole, akiwa anakula. Nina hakika kama ya tisini kwa mia kwamba ana kliniki ya pili, labda na ya tatu, kule mitaani, wanakomlipa papo kwa papo. Karibu wote wanafanya hivyo. Mimi nilifanya miaka tisa. Mchana serikali, jioni kwa mtu binafsi, na gadi juu yake. Hakuna karatasi inayojumlisha saa hizo, kila mwajiri anaona zake tu. Hapo ndipo mimi ningeshika kama mama: achague kliniki moja, ile inayolipa kweli, na usiku mmoja katika juma awe wa kulala kwake, simu akuachie wewe.

Kuacha sitamwambia, na wewe usimwambie. Akiamua mwenyewe kwenda hospitali ya kampuni ya mgodi, sitamlaumu, wala usimlilie. Kugoma nako kupo: sendika, chama cha kutetea waganga, imegoma mara nyingi kwa ajili ya vijana kama yeye, kwa kuacha huduma ya dharura tu. Haiko kwetu peke yetu. Kenya ile nyingine, ya Nairobi, siyo ya soko lako, mwaka 2024 waganga waligoma siku 56, na kiini kilikuwa hawa wanaoanza: mkataba uliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000.

Na yule dereva wa lori, mama, usimtaje mezani. Mwanao ameshamhesabu matofali yote.

*

Nilimpeleka kaka yangu hospitali saa nane za usiku, tumbo linamkata. Mganga tulimkuta amelaza kichwa mezani, amelala fofofo, mate yanamtoka. Nilimpiga picha. Niipeleke kwa wakubwa wake ama niitupe kwenye WhatsApp watu wamjue?
Mwenye hasira, Kampemba

Papa, kaka yako alipona? Hukusema. Na mganga alipoamshwa alifanya nini? Hilo nalo hukusema, kwa hiyo nadhani aliamka, akanawa uso, akamshika kaka yako tumbo.

Gadi haina amri ya kukesha. Kulala kunaruhusiwa, mradi yupo wa kukuamsha na uamke. Ningependa awe na kitanda badala ya meza. Vyumba vya gadi ninavyovijua vina godoro moja kwa watu wanne, na shuka usiulize. Kama alikataa kuamka, au alinuka pombe, au alitaka pesa kabla ya kumgusa mgonjwa, andika tarehe na saa, umpelekee mganga mkurugenzi kwa mkono wako, uombe wakusainie nakala. Picha ya mate, futa.

*

Mama Dokta, umekuwa ukiwaharibu hawa vijana kwa maandishi yako. Mimi ni mkuu wa huduma. Nina waganga watatu, mmoja yuko Kinshasa masomoni. Nina stajeri sita na vitanda 40, na vitanda 40 kwetu ni wagonjwa 50. Kila usiku nahitaji wawili, mmoja materniti, mmoja kwingine. Nikiwaambia waende kulala asubuhi, ziara ya wagonjwa ataifanya nani? Wewe? Andika na hili, kama unaweza.
Mkuu wa huduma, asiyetaka kutajwa

Mkubwa, jambo, na ahsante kwa barua iliyochapwa vizuri. Naiandika yote kama ulivyotaka.

Nianze na mahali unaponishinda. Mwaka 2011 Marekani iliwawekea wale wa mwaka wa kwanza kikomo cha saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 wakarudisha 24, na 4 za kukabidhiana juu yake. Uchunguzi mkubwa waliokuwa wamewafanyia wapasuaji wanaojifunza haukuona wagonjwa wakipata nafuu zaidi pale saa zilipobanwa. Sababu mojawapo unaijua: kila anapotoka mtu na kuingia mwingine, habari ya mgonjwa inadondoka njiani. Stajeri aliyelala vizuri lakini haambiwi kwamba kitanda cha saba anatoka damu, ni hatari kama yule asiyelala. Kwa upande wa pili, mwaka 2004 kule Boston waliwafuata wa mwaka wa kwanza usiku na mchana. Waliobaki kwenye ratiba ya zamani walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi ya wale waliopunguziwa saa. Yote mawili ni kweli, na wewe na mimi kila mmoja ameshika moja.

Sasa tuhesabu na watu wako sita, siongezi hata mmoja. Unapanga wawili wawili, kila jozi inarudi siku ya tatu. Iache hivyo. Lakini usiku wenyewe ugawe. Wa kwanza, yeye ndiye wa usiku mzima, na saa nne asubuhi anaondoka, hata kama mganga mkuu wa mkoa amekuja kutembelea. Wa pili anafanya mpaka saa sita za usiku, halafu analala. Simwambii aende nyumbani saa sita za usiku, mji wetu wote tunaujua. Analala palepale hospitalini, haamshwi mpaka saa kumi na mbili, isipokuwa bloki imefunguliwa na mikono haitoshi. Huyo asubuhi anafanya ziara na wewe, ana usingizi wa saa sita kichwani. Mzunguko unaofuata wanabadilishana. Unachopoteza ni mtu mmoja kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi. Wanabaki watano. Na kusema kweli, yule wa sita kuanzia saa nne alikuwa anakuandikia mambo ambayo ulilazimika kuyaandika upya mchana.

Kukabidhiana ndiko kugumu, kwa sababu kwetu kunafanyika kwenye korido, mmoja ameshavaa begi mgongoni. Mwaka 2014, katika hospitali tisa za Marekani na Kanada, waliwafundisha waganga wa watoto namna moja ya kukabidhi, na makosa yakapungua kwa asilimia 23, madhara yaliyoweza kuzuiwa kwa asilimia 30. Hawakununua mashine yoyote. Anayetoka anasema nani ni mgonjwa sana, kisha habari yake kwa ufupi, kisha nini kimebaki, kisha kikitokea kitu fulani ufanye nini. Halafu anayeingia anarudia kwa maneno yake mwenyewe. Hapo kwenye kurudia ndipo kitanda cha saba kinapokumbukwa. Mwekee kila mgonjwa mzito dakika mbili, wakae, mlango ufungwe, na wewe uwepo siku kumi za kwanza. Usipokuwepo hawatafanya, hilo unalijua kuliko mimi. Muuguzi wa usiku naye akae nao. Kama ungemjua wa kwangu, usingeuliza kwa nini.

Ziara ya asubuhi umeniuliza kama nitaifanya mimi. Nina miaka 58 na goti moja bovu, lakini Alhamisi sina kazi. Niambie saa.

Ila kabla sijaja, chukua rula. Ile karatasi ya gadi iliyo mlangoni kwako, ongeza safu ya tano, saa ya kutoka, uijaze kwa mkono wako, uweke na sahihi yako chini. Ukimaliza ipige picha, unitumie. Hiyo nitaichapisha.